Vita vya Orvani Katika Wodi ya Wanawake

Desideri tulimzika Jumamosi, na matanga yalipoanuliwa mke wake aliniita chumbani akafunga mlango. Nilidhani anataka kulia mbali na macho ya watu, nikajiandaa kumshika. Badala yake aliinama, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. "Wifi," akasema, kama alivyozoea kuniita ingawa mimi na mumewe hatukuwa wa damu moja, "hivi ni vyako. Alisema akiondoka yeye asipewe mtu mwingine." Ndani mlikuwa na vile vitabu vitatu, vinene kama matofali ya kuchoma, majalada yake yamebanduka zamani na kushikizwa kwa plasta ya hospitali. Niliitambua plasta kabla sijavitambua vitabu, kwa sababu niliibandika mimi, wakati ule mikono yangu ikiwa bado na kasi. Nilivifunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda hadi nyumbani, nikaviweka juu ya kabati. Kwa siku kadhaa nilipita chini yake kama mtu anayepita chini ya mzinga wa nyuki.

Ni vitabu vya Kiingereza, hadithi za falme ambazo hazikuwahi kuwepo duniani. Mwanzoni kuna ramani ya milima na mito ya kubuni. Kuna kijana anaitwa Orvani aliyenyang'anywa kiti cha baba yake akiwa mtoto, kuna majeshi, mazimwi, wachawi, njaa, na safari ndefu mno ya kurudi nyumbani. Hapa Mpanda watu wananijua kama nesi mstaafu anayeuza mbegu za mboga sokoni, mama wa kanisani asiye na maneno mengi. Hakuna anayejua kwamba nilipokuwa msichana nilikuwa radhi kuunguza ugali kwa ajili ya Orvani. Na kati ya wale wachache waliojua kwa nini niliacha kumsoma, mmoja ndiye huyo tuliyemzika.

Wakati ninaousema Katavi haikuwa mkoa. Tulikuwa Rukwa, na mimi nilikuwa nimepangiwa kituo kidogo cha afya upande wa Mpimbwe, nusu siku kwa baiskeli kutoka Kibaoni kama njia ni kavu. Jengo lilikuwa moja, refu, la bati. Wodi ya wanawake upande huu, wodi ya wanaume upande ule, na katikati ukuta ambao fundi aliuacha kabla haujafika kwenye paa, kwa hiyo juu palikuwa wazi. Kila kitu kilipita pale: harufu ya spiriti, kikohozi, sala, ugomvi wa mke na mume aliyekuja kumwona. Wanaume waliolazwa kwa malaria walijua nani amezaa na nani anaogopa kuzaa, na wanawake walijua siri za wanaume wanaoweweseka kwa homa. Mimi mpaka leo nikiingia kwenye wodi yenye kuta kamili nahisi watu wote wamenuniana.

Ulikuwa mwaka wa zile mvua za elinino. Barabara ilikatika, gari la kutoka Mpanda likaacha kuja. Tabibu wetu, ambaye sote tulimwita daktari, alikuwa amekwenda mjini kufuata dawa akanasa hukohuko. Tukabaki wawili: mimi na Desideri wa maabara, Mfipa mrefu, mwembamba, anayecheka kwa pua. Vitabu aliachiwa yeye na Mzungu mmoja aliyekuja kuchimba visima, akaumwa, akarudishwa kwao. Nyumba yetu ya watumishi iligawanywa katikati, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, jiko likiwa la wote. Jioni alikuwa akipika wali wa Mpimbwe na dagaa wa kukaanga, mimi nasoma karibu na moto, naye akiwa amenitangulia kitabu kizima anajizuia kusema. "Usilale kabla hujafika darajani," alikuwa akisema. "Wewe nisikilize. Usilale." Niliposhtuka kwa jambo fulani ukurasani alikuwa akicheka hadi mwiko unaanguka. Watu walidhani tuna uhusiano. Tulikuwa nao, ila haukuwa ule waliokuwa wakiufikiria.

Bibi Minza aliletwa asubuhi kwenye mkokoteni wa ng'ombe, amefunikwa blanketi ambalo lilikuwa zito kwa damu na mvua, huwezi kusema ni kipi zaidi. Alikuwa Msukuma, mke mkubwa wa mfugaji mmoja marehemu, mama mtu mzima mwenye mabega mapana. Walimkata kichwani, kuanzia utosini hadi karibu na sikio, na mkono wa kushoto haukuwepo kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini, kwa sababu alikuwa ameuinua kujikinga. Kilichobaki kilifungwa kwa kamba ya katani na jirani mwenye akili, ndiyo maana alifika hai. Desideri alimshika mabega, mimi nikashona. Ganzi ilikuwa kidogo, ikaisha kabla ya kazi. Nilikuwa sijawahi kushona kitu cha namna ile peke yangu. Nilimsikia Desideri akihesabu pumzi zake mwenyewe ili asianguke. Bibi hakulia. Alichouliza ni viatu vyake viko wapi, vile vya matairi, kwa sababu vilikuwa vipya.

Habari yenyewe aliitoa mwenyewe siku zilizofuata, kidogo kidogo, akiitazama dari. Mwana wa mke mwenzake, anaitwa Masanja, alizika mtoto wakati wa mvua. Akaenda kwa mganga, mganga akamwambia mchawi ana macho mekundu, amtafute katika mji wake. Wakaja watu watatu. Wawili hakuwajua, na hao ndio walioshika mapanga. Wa tatu alisimama mlangoni anawamulikia kwa tochi, hakusema neno, lakini alikohoa, naye kikohozi kile alikijua tangu kikiwa cha mtoto mchanga.

"Macho mekundu," Bibi Minza akasema. "Tangu niolewe napikia samadi ya ng'ombe, kuni hatuna. Yatakuwa meupe kwa ajili ya nani?"

Mchana, baada ya uji, wodi ilikuwa ikitulia, nami nilikuwa nikikaa kwenye benchi na kitabu changu. Siku moja akaniita. "Sista, kila siku wewe na hicho kitabu. Ni Biblia?"

"Hapana, Bibi. Ni hadithi."

"Ya nini?"

"Ya vita."

"Basi nisomee, mjukuu wangu. Mimi silali hata mchana. Nikifumba macho naiona tochi."

Ndivyo ilivyoanza. Nilikuwa nikisoma sentensi kimyakimya kwa Kiingereza, halafu naitoa kwa Kiswahili, na palipokwama mama mmoja aliyekuwa amejifungua alikuwa akimgeuzia Bibi kwa Kisukuma. Kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipolisema kwa sauti. Kwenye kitabu kila mtu ana upanga, na zikiwa nyingi ni panga. Basi nikasoma, "Wakachomoa panga zao," na yule mama akavuta kanga akamfunika mtoto wake uso. Nikashusha kitabu. Nilitaka kueleza kwamba hizi ni silaha za wafalme, ndefu, za kung'aa, si kama lile panga la kukatia mahindi lililokata kichwa cha Bibi Minza. Lakini lugha yetu imeviweka vyote kitanda kimoja, na labda lugha inajua. Bibi Minza akapiga godoro kwa mkono wake mzima. "Endelea. Amemkata nani?"

Alipenda vita. Hili lazima niliseme wazi, kwa sababu watu wakisikia habari za bibi aliyekatwa wanamtengenezea uso wa huruma. Yeye alitaka damu. Mjomba msaliti wa Orvani alipokatwa kichwa mbele ya jeshi, alicheka hadi nyuzi zikamuuma. "Safi! Na wanawe je?" Alikuwa akimwita "Olobani", na akaanza kumsema kama kijana wa ukoo: huyu Olobani ana haraka mno, huyu Olobani hajui kulisha farasi. Upande wa pili wa ukuta wanaume wakaanza kulalamika. "Sista, paza sauti, huku hatusikii!" Nikapaza. Mzee mmoja wa Kipimbwe mwenye henia alikuwa akiomba nirudie mapigano ya jana kwa sababu alipitiwa na usingizi, na wenzake wanamzomea. Sijawahi kuwa na wasikilizaji kama wale, si kanisani, si popote. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikiwa na furaha, huku nje mto umefunika shamba na ndani nina mwanamke asiye na mkono. Nilipokuja kuvifungua vitabu hivi majuzi, furaha ile ndiyo iliyonijia kwanza, kabla ya kingine chochote. Ilinikera. Nilitegemea itakuja nyuma, kwa aibu, kama mgeni aliyechelewa.

Katika kitabu cha pili jeshi la Orvani linapita kwenye kinamasi, na humo anaishi mwanamke mchawi. Mimi nilikuwa sijafika hapo. Nilikuwa nasoma na kutafsiri papo hapo, kama mtu anayetembea na kutengeneza njia kwa wakati mmoja. Nikasoma kwamba kulikuwa na kibanda. Nikasoma kwamba mbele ya kibanda alikuwa ameketi mwanamke mkongwe. Jicho langu likatangulia mstari mmoja, ulimi ukagoma.

"Mbona umenyamaza?" akauliza Bibi Minza.

"Hapa ni parefu, Bibi. Tutasoma kesho."

"Soma."

"Hapa si pazuri."

"Mimi nimekatwa mkono, wewe unaniambia si pazuri. Soma."

Nikasoma. Alikuwa na macho mekundu, kitabu kilisema, mekundu kama makaa. Wodi nzima ikakauka; hata upande wa pili wa ukuta godoro halikulia. Nikasoma kwamba watoto wa nchi ile walikuwa wakifa, na watu wakamwomba Orvani awaokoe. Orvani akashuka kwenye farasi. Mwanamke akaomba, akainua mikono. Orvani akapiga mara moja, kichwa kikaanguka majini, na jeshi likashangilia, na maji ya kinamasi yakawa safi. Ilikuwa mistari minne, si zaidi. Kisha wakawasha moto wakala.

Nilibaki nimeshika kitabu. Bibi Minza alikuwa akilitazama shina la mkono wake lililofungwa bandeji.

"Alikuwa na watoto?" akauliza.

"Kitabu hakisemi, Bibi."

"Alikuwa anapikia nini?"

"Hakisemi."

"Mtu hafi hivyo," akasema, bila hasira, kama mtu anayesahihisha bei. "Hafi mara moja. Anasikia kwanza, anawaza mlango uko wapi. Huyo aliyeandika hajaona. Huyu Olobani ni Masanja tu. Ila huyu kashika mwenyewe, hakumulika." Halafu, wakati nilipodhani ndiyo mwisho wa hadithi katika wodi ile, akasema, "Kesho tuone wanakwenda wapi."

Masanja mwenyewe aliletwa siku chache baadaye. Jeshi la jadi la vijiji vile, sungusungu, lilimkamata kwenye gulio la Kibaoni, wakampiga hadi mwenyekiti wa kijiji alipoingilia, akaamuru alazwe kwetu mpaka polisi watakapoweza kuvuka. Mbavu zilivunjika, macho yote mawili yamevimba. Walimfunga mguu kwenye chuma cha kitanda kwa kamba. Nilimsafisha kimya kimya, nikamwomba Desideri asimtaje jina lake kwa sauti, tukakubaliana. Tulisahau kikohozi. Alasiri, uji ukiwa bado unagawiwa, alikohoa, na Bibi Minza akaweka kikombe chini.

"Masanja," akaita juu ya ukuta.

Upande ule chuma cha kitanda kikalia.

"Masanja. Ni mimi, mama yako mkubwa."

"Naam," sauti ikaja, ndogo, ya mtu mwenye midomo iliyopasuka.

"Mkono wangu mliutupa wapi?"

Nilikuwa nimesimama na sufuria ya uji, na sikuweza kuiweka chini wala kuondoka. "Sijui, mama," akasema Masanja.

"Wewe ulimulika."

"Nilimulika."

"Mtoto wako yule, nani alimzalisha? Mkeo alipokwama, nani aliingiza mkono akamgeuza? Ni huohuo mkono, Masanja. Huohuo."

Masanja akaanza kulia. Mtu mwenye mbavu zilizovunjika akilia anajiumiza, na tulisikia jinsi alivyokuwa akijaribu kuacha, akishindwa. Mwishowe yule mzee wa henia akakohoa akasema, kwa adabu sana, "Sista, labda utusomee." Nikasoma. Nikasoma vibaya, nikiruka maneno, lakini nikasoma, na nilijua kwamba upande wa pili Masanja naye alikuwa akimsikiliza Orvani.

Watu wa jeshi la jadi walikuja kumchukua Masanja mchana kweupe, jua limetoka baada ya siku nyingi za mvua. Tulisikia filimbi kwanza, halafu tukawaona wakivuka uwanja, wengi, wengine na pinde, wengine na marungu, nguo zimelowa hadi magotini. Maneno yalikuwa yameenea kwamba polisi wamekaribia na kwamba Masanja ana ng'ombe wa kuuza, atahonga, atatoka. Mimi nilikuwa chumba cha kufungia vidonda. Desideri alitoka maabara akiwa na koti lake jeupe, akatembea, hakukimbia, akasimama kwenye mlango wa wodi ya wanaume akashika miimo kwa mikono yote miwili.

"Jamani, huyu ni mgonjwa," akasema.

"Toka hapo, daktari," mmoja akamjibu. "Nyie tunawaheshimu. Toka."

"Mimi si daktari. Lakini huyu ni mgonjwa. Akipona mchukueni, sheria ipo."

"Yule bibi naye alikuwa na sheria?"

"Ndugu yangu, nisikilize..."

Kijana mmoja, ambaye hakuwa hata ameongea, alimpiga rungu usoni. Mara moja. Nilisikia taya likivunjika, sauti kavu kama kuni, na Desideri akaanguka chini kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori. Hakukuwa na mapambano. Hakuna aliyepigana naye, hakuna aliyesimama kumtazama; walimkanyaga wakaingia, kwa sababu alikuwa mlangoni na njia ilikuwa hapo. Nilikimbia nikapiga kelele. Mtu alinishika nywele akanibamiza ukutani, akaniacha, akaingia na wenzake. Nilitambaa chini ya miguu yao nikamvuta Desideri kwa koti, nikamgeuza ubavu asisongwe na damu, nikaingiza vidole kinywani nikatoa meno. Wakati huo walikata kamba ya Masanja. Alishika kitanda. Walimtoa pamoja na kitanda hadi mlangoni, kikakwama, wakampiga vidole mpaka akaachia.

Walimuulia ng'ambo ya uwanja, kwenye mahindi. Sikuona, lakini nilisikia, na kila aliyekuwa kwenye jengo lile alisikia. Udongo umelowa, rungu likimpiga mtu sauti inazama, ni kama mtu anayetwanga mihogo mibichi. Alimwita mama yake. Halafu akamwita mama mkubwa. Halafu akaacha kuita lakini wao hawakuacha, walitwanga kwa muda mrefu, na mtu mmoja alikuwa akicheka, na mwingine akimkemea asicheke. Nilikuwa nimekaa sakafuni na kichwa cha Desideri mapajani. Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa akijaribu kuniuliza kitu, na taya lake halikuwa mahali pake.

Nilipoingia wodi ya wanawake damu ilikuwa imenifika viwikoni. Yule mama alikuwa amejificha chini ya kitanda na mtoto wake. Bibi Minza alikuwa ameketi wima, mgongo ukutani, na kikombe chake cha uji kilikuwa kitupu.

"Wamemaliza?" akauliza.

"Wamemaliza."

Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Basi kaa hapo, usome. Walikuwa wamezingirwa mlimani."

Nilimtazama. Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa ametulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu afike, uso umelegea, kama mtu ambaye homa imemtoka. Nikasema siwezi. Akasema, "Kwa nini? Si ndivyo wanavyofanya humo kila siku?" Jioni alikuja mke mwenzake, mama wa Masanja, peke yake, kuomba kitu cha kumfunikia mwanawe, kwa sababu wanaume wa kwake walikuwa wamekimbia. Alisimama mlangoni haingii. Bibi Minza akavua kanga aliyojifunika, akaitupa hadi karibu na miguu yake. "Mfunike na hiyo," akasema. "Nilimbeba mgongoni kwa kama hiyo." Mwenzake akaiokota. Nikamsikia Bibi Minza akilia usiku ule kwa mara ya kwanza, na sikwenda kumwuliza analia nini.

Kesi ilikufa kama kesi nyingi za aina ile. Kila aliyeulizwa alikuwa shambani. Barabara ilipokauka daktari alirudi, akalifunga taya la Desideri kwa waya, na kwa muda mrefu nilimnywesha uji kwa mrija wa dripu. Lilipona likiwa limepinda. Hakucheka tena kwa pua, akawa anacheka kwa upande mmoja. Bibi Minza alichukuliwa na binti yake aliyeolewa Kabungu. Alinikuta mara moja baadaye hapa sokoni Mpanda, miaka imepita, akiwa na kikapu cha michembe ya viazi vitamu kichwani akikishikilia kwa mkono wake mmoja. Alinisalimia kwa furaha, akanijazia michembe kwenye kanga, halafu akashusha sauti kama anayeuliza habari za ndugu. "Yule Olobani alifika kwao?"

"Sijui, Bibi. Sikumaliza."

Akanitazama kwa masikitiko ya kweli. "Lo! Na mimi nilijua wewe utakuja kuniambia." Nilisikia alifariki kwa uzee, kitandani, binti yake akimshika.

Mimi sikumaliza kwa sababu kila nilipofungua nilisikia mihogo ikitwangwa. Niliona kwamba kitabu kile kilinidanganya kuhusu kila kitu: kuhusu damu, kuhusu wachawi, kuhusu muda anaochukua mtu kufa. Lakini Desideri, aliyevunjwa uso, aliendelea kuvisoma. Alivimaliza, akavirudia, kila masika kama watu wanavyorudia Kwaresma. Nilimkasirikia kwa hilo. Siku moja, tukiwa wote tumehamia mjini na ana watoto wakubwa, nilimkuta barazani kwake na kile cha pili, nikamwambia wazi. "Desi, wewe unasomaje haya mambo? Wewe hasa?"

Maneno yalikuwa yakimchukua muda na lile taya. "Kuna yule mzee wa lango," akasema. "Mwanzoni mwa kile cha tatu, wewe hukufika. Adui wanakuja, yeye yuko peke yake. Anasimama langoni mpaka watoto wote wamepita." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kurasa. "Nimesoma mara nyingi, dada. Kila mara anasimama. Hawamkanyagi."

Nilikwenda jikoni kumsaidia mke wake kuchagua mchele, na nikakaa huko mpaka macho yakakauka.

Sasa nimevishusha kabatini. Nasoma asubuhi, kwa miwani, kabla jua halijawa kali. Nafurahi na nachukia, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Mwandishi yule anajua kuandika njaa. Anajua baridi, anajua jinsi watu waliochoka wanavyogombania mahali pa kulala. Halafu anaua watu mia kama anayefuta ubao. Zamani sikuona kwamba maadui wote hawana majina. Sasa naona, naudhika, na bado jeshi la Orvani likipiga pembe mwili wangu unasisimka kama wa msichana. Mzee wa lango nimemkuta. Nilimsoma polepole, nikampa sura ndefu, nyembamba, nikafunga kitabu, nikarudi nyuma hadi kinamasini, kwa sababu nilikuwa nimeparuka.

Jana nimepasoma. Kibanda, macho, mikono iliyoinuliwa, mistari ileile minne, na baada yake moto na chakula. Nilikitupa kitabu kwenye mkeka, nikatoka. Nilifagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Nilichambua matembele kwa nguvu mpaka nikachana majani. Nikawaambia kuku maneno ambayo ningepaswa kumwambia mwandishi, kwamba alikuwa na watoto, kwamba alikuwa akipikia samadi. Jirani akachungulia juu ya uzio akauliza nagombana na nani. Nikasema na mtu mmoja wa zamani. Halafu nikanawa, nikafuta mikono kwenye kanga, nikaingia ndani, nikakiokota kitabu nikakiweka kando, nikachukua kile cha tatu, nikatafuta ukurasa niliouacha. Nilitaka kujua kama watavuka mto kabla baridi haijawakuta.